Lugha ya Hukumu na Lugha ya Lawama

Maneno hukumu, hakimu, mahakama na hekima yametoka katika shina moja la Kiarabu, na Kiswahili kiliyapokea yote pamoja. Kwa sababu hiyo mtu akisema kuwa hakimu fulani amehukumu bila ya hekima, msikilizaji huhisi kuwa si mtu tu aliyeteleza, bali neno lenyewe limevunjika. Undugu huu wa maneno wafaa kukumbukwa kila mahakama zinapoingia katika vinywa vya watu, kama zilivyoingia katika Afrika ya Mashariki tangu mwaka 2017. Mengi yameandikwa na wanasheria juu ya hukumu za miaka hiyo. Jambo moja limepitwa kwa haraka, nalo lawahusu wanafunzi wa lugha zaidi kuliko mawakili: hukumu hizo zilisemwa kwa lugha gani, na zililaumiwa kwa lugha gani.

Hukumu si amri tupu. Amri husema, "Fanya." Hukumu husema, "Fanya, kwa sababu hii." Serikali ina askari, na Bunge lina idhini ya fedha, mahakama haina kimoja kati ya hivyo. Mali yake ni sababu zake, na sababu hazina pa kukaa ila katika maneno. Kifungu cha 159 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 chasema kuwa mamlaka ya kuhukumu yatoka kwa wananchi. Aliyepewa mamlaka na watu hapana budi awaeleze watu ameyatumiaje. Basi hukumu ni kazi ya maneno, na kazi ya maneno yaweza kupimwa na mhakiki kama apimavyo utenzi au hadithi: kwa uwazi wake, kwa adabu yake, na kwa jinsi inavyowafikia wale iliyokusudiwa.

Kesi ya kwanza ya kupimwa ni ile ya uchaguzi wa rais wa Kenya wa tarehe 8 Agosti 2017. Tarehe 1 Septemba mwaka huo Mahakama ya Juu, kwa wingi wa majaji wanne dhidi ya wawili, iliutangua uchaguzi huo na kuamuru urudiwe katika muda wa siku sitini. Kabla ya siku ile mahakama yoyote katika Afrika ilikuwa haijapata kutangua ushindi wa rais aliye madarakani. Jaji Mkuu David Maraga alisoma uamuzi mfupi, kwa Kiingereza. Sababu zake kamili zilitolewa tarehe 20 Septemba, nazo pia kwa Kiingereza. Kati ya uamuzi na sababu zilipita siku kumi na tisa.

Siku hizo hazikupita kimya. Jioni ileile ya tarehe 1 Rais Uhuru Kenyatta alilihutubia taifa akasema kuwa hakubaliani na uamuzi, lakini atauheshimu. Baadaye, mbele ya umati katika soko la Burma mjini Nairobi, aliwaita Jaji Mkuu na wenziwe wakora. Kesho yake aliuliza ni nani aliyewachagua majaji hao, akaahidi kuwa jambo lao litatazamwa tena. Neno lililodumu katika masikio ya watu ni lile la sokoni.

Yafaa neno hilo litazamwe kwa makini. Mkora ni mhuni, mlaghai, mtu wa hila mjini. Ni neno la silabi tatu, halihitaji mkalimani, na kila mtoto wa Nairobi analijua. Halidai kuwa jaji amekosea sheria. Lingedai hivyo lingeweza kujibiwa kwa sheria. Ladai kuwa jaji si mtu wa kusikilizwa, na kwa hiyo lafunga mazungumzo kabla hayajafunguliwa. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa, lakini wenye uwezo wa siasa wanajua ulimi wao unapiga wapi. Upande wa pili palikuwa na hoja nzito juu ya fomu za matokeo, juu ya mitambo ya kupeleka hesabu za kura, na juu ya Tume ya Uchaguzi ambayo haikufungua mitambo yake kama ilivyoamriwa. Hoja hizo zilikuja baadaye, kwa lugha ya ofisini, katika maandishi marefu ambayo mwenye kibanda asingeyasoma hata angekuwa na nafasi. Hivyo lawama ilikwenda kwa miguu yake mwenyewe mpaka mashambani, na sababu ikabaki mjini.

Si haki kusema kuwa neno moja ndilo lililozaa mambo yote yaliyofuata. Lakini yaliyofuata yajulikana. Tarehe 24 Oktoba dereva wa Naibu Jaji Mkuu alipigwa risasi akajeruhiwa. Kesho yake, siku moja kabla ya uchaguzi wa marudio, Mahakama ya Juu ilitakiwa kusikiliza ombi la kuahirisha uchaguzi huo. Majaji wawili tu ndio waliofika, na ombi halikusikilizwa kwa kuwa hesabu ya majaji haikutimia. Mahakama iliyoweza kumtangua rais haikuweza kukaa kitini. Jaji hahitaji kupendwa na umati, lakini ahitaji umati ujue kuwa akidhurika, ni wao waliodhurika. Ujuzi huo hauji wenyewe. Huletwa na maneno yaliyofahamika.

Kesi ya pili ni ya mpango wa maridhiano uliojulikana kwa herufi zake tatu, BBI, ambao ulitaka kuibadilisha Katiba. Wapenzi wa mpango huo waliufananisha na muziki wa rege, wakawaambia watu kuwa rege haizimwi. Tarehe 13 Mei 2021 majaji watano wa Mahakama Kuu waliuzima. Walisema kuwa Katiba ina muundo wake wa msingi, na kwamba muundo huo haubadilishwi na Bunge wala kwa kura ya maoni peke yake, bali na wananchi wenyewe kwa njia ndefu ya kushauriana upya. Mahakama ya Rufani ilikubaliana nao kwa sehemu kubwa tarehe 20 Agosti. Tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ililikataa fundisho la muundo wa msingi, ikasema Katiba yenyewe imekwisha kuweka njia za kubadilishwa kwake. Lakini ilishika kuwa rais hawezi kuanzisha mabadiliko kwa njia iliyowekewa wananchi.

Mabishano haya ni miongoni mwa makubwa yaliyopata kufanyika katika mahakama za Afrika ya Mashariki. Mitaani yalijulikana kwa swali moja: je, rege imezimwa au haijazimwa? Mtu aweza kudhani kuwa haikuwezekana kuwa vingine, kwa sababu jambo lenyewe ni la wanazuoni. Dhana hiyo haisimami. Mswahili ana nyumba, na nyumba yamtosha kulieleza. Mwenye nyumba aweza kuezua makuti akaezeka mabati. Aweza kuhamisha mlango. Aweza kukandika ukuta upya, na nyumba ikabaki ileile. Aking'oa nguzo zote amejenga nyumba nyingine, na nyumba ya urithi haijengwi upya na mrithi mmoja bila ya kuwaita wenzake. Hayo ndiyo waliyosema majaji watano. Jibu la Mahakama ya Juu laweza kusemwa kwa nyumba hiyohiyo: wazee walioijenga waliacha wasia unaoeleza ukarabati wote ufanywe vipi, na asiwepo wa kuongeza masharti ambayo wasia haukuyataja, lakini mlango waliouacha kwa ajili ya watoto usitumiwe na msimamizi. Hoja mbili hizi zingeweza kubishaniwa katika kila baraza kutoka Vanga mpaka Lamu, na wazee wangegawanyika kama majaji walivyogawanyika. Hazikubishaniwa, kwa kuwa hazikufika.

Wakati mabishano hayo yakiendelea, mkono wa serikali ulikuwa ukifanya kazi mahali pengine. Tangu mwaka 2019 Rais alikuwa amekataa kuwateua majaji arobaini na mmoja waliopendekezwa na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Tarehe 3 Juni 2021, wiki tatu baada ya hukumu ya Mahakama Kuu, aliteua thelathini na wanne na kuwaacha sita. Sababu iliyotolewa ilikuwa shaka juu ya mwenendo wao. Wawili kati ya hao sita, Joel Ngugi na George Odunga, walikuwa wamekaa katika jopo la majaji watano. Rais aliyefuata, William Ruto, aliwateua wote sita mara tu aliposhika madaraka Septemba 2022, na wengi wakashangilia. Katika nyakati hizo mbili somo lilikuwa moja: jaji aliyesimama na aliyesimamishwa walionekana kuwa wamesimama kwa hisani ya mtu mmoja. Cheo kilichopaswa kutolewa na sheria kikawa kama tunu ya mkono.

Kesi ya tatu ni ya Septemba 2022, na somo lake ni la namna nyingine. Majaji saba, kwa kauli moja, walikataa tarehe 5 Septemba madai ya kupinga ushindi wa William Ruto. Huenda sababu zao zilikuwa na nguvu. Mhakiki wa lugha hana haja ya kuzipinga. Lakini katika kuyakataa baadhi ya madai walitumia misemo ya Kiingereza ya kejeli: walisema kuwa dai moja ni hewa ya moto tu, yaani maneno matupu, na kwamba mahakama ilipelekwa kumfukuza bata-mwitu asiyekamatika. Misemo hiyo iliruka kutoka katika hukumu ikashika njia yake, kama lile neno la sokoni lilivyoshika njia yake miaka mitano kabla. Walioshindwa walisikia kicheko mahali walipotarajia kusikia sababu. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na jaji ajikwaapo ulimi huumiza wengi. Mwanasiasa akimkejeli jaji, jaji ana kimbilio katika heshima ya kiti chake. Jaji akimkejeli mdai, mdai hana pa kukimbilia. Maana yule aliye mwisho wa rufani ndiye aliyemcheka.

Kesi hizi tatu zaonyesha upungufu wa namna mbili. Katika mbili za kwanza mahakama ilisema vizuri kwa lugha isiyowafikia wengi. Katika ya tatu maneno yaliyowafikia wengi ni yale ambayo yangefaa yasisemwe. Na pengo lililobaki hujazwa na mwingine. Tarehe 28 Novemba 2023 Mahakama Kuu iliibatilisha tozo ya nyumba, na sababu yake kubwa moja ilikuwa nyepesi: tozo iliwakata wenye ajira rasmi na kuwaacha wengine bila ya sababu ya haki. Hapana Mswahili asiyejua maana ya mzigo kugawanywa kwa upendeleo. Lakini ilipofika Januari 2024 neno lililotawala halikuwa upendeleo, lilikuwa hongo, kwani Rais alidai hadharani kuwa kuna majaji waliohongwa ili kuzuia mipango ya serikali. Mawakili waliandamana tarehe 12 Januari, na tarehe 22 Rais, Jaji Mkuu Martha Koome na Spika wa Bunge walikutana Ikulu. Kwa mara nyingine lawama ilikuwa ya Kiswahili na utetezi ulikuwa wa Kiingereza.

Mapingamizi mawili hutolewa hapa. La kwanza ni kwamba Kiswahili hakina maneno ya sheria. Pingamizi hili lashangaza katika pwani ambayo makadhi walihukumu kabla ya Mwingereza kufika, na katika nchi ambazo mahakama zao za chini zimesikiliza mashahidi kwa Kiswahili kwa vizazi vingi. Mdai na mdaiwa, shahidi na kiapo, dhamana na rehani, wosia na wakfu, rufani na zuio, yote ni maneno yaliyozoeleka. Yanayopungua yataundwa, kama yalivyoundwa ya siasa na ya benki, kwa kutumiwa. Tena Katiba ya Kenya yampa mshtakiwa haki ya kupata mkalimani asipoifahamu lugha ya mahakama. Mwizi wa kuku hutafsiriwa kila neno. Taifa zima, lililokuwa mwenye shauri katika kesi ya mwaka 2017, halikupewa mkalimani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Husemwa kuwa jaji akianza kuwasemesha watu kwa lugha yao atakuwa mwanasiasa, na kwamba kutoeleweka kwake ni kinga yake. Ili kulipima pingamizi hili yafaa kutazama nchi ya jirani ambayo imeijaribu njia hiyo, nayo ni Tanzania.

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, na Kiingereza kikabaki kwa pale ambapo haki yahitaji. Lilikuwa jambo kubwa na la heri. Lakini mwanzo wa mwaka huohuo ulionyesha kuwa lugha peke yake haimpi jaji uhuru. Tarehe 1 Februari 2021, katika Siku ya Sheria mjini Dodoma, Rais John Magufuli alimsifu Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili, na palepale jukwaani akampandisha kuwa jaji wa Mahakama ya Rufani. Kazi ya jaji huyo ilistahili sifa, wala hapana la kumlaumu. Swali ni juu ya jukwaa. Jaji aliyezawadiwa na mkuu wa serikali mbele ya majaji wenziwe kwa jambo jema ni funzo kwa wenziwe kuwa zawadi hutoka wapi. Na mkono unaojua kuzawadia jema waweza kesho kuzawadia jingine. Zawadi ya Dodoma na kunyimwa kwa Nairobi ni ndugu, ingawa moja lina sura ya furaha.

Kuna jingine. Ibara ya 41(7) ya Katiba ya Tanzania yasema kuwa Tume ya Uchaguzi ikiisha kumtangaza mtu kuwa amechaguliwa rais, hapana mahakama itakayouchunguza uchaguzi wake. Tarehe 15 Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kuwa ibara hiyo yavunja haki zilizolindwa na Mkataba wa Afrika. Uamuzi huo ulikuja baada ya Tanzania, mnamo Novemba 2019, kuondoa idhini ya watu binafsi kuishtaki moja kwa moja katika mahakama hiyo. Msomaji aone basi jinsi nchi mbili zilivyogawana kitu kimoja. Kenya yaweza kumpeleka rais mahakamani, na mahakama yaweza kumtangua, lakini kwa lugha ambayo wengi waliopiga kura hawaimudu. Tanzania ina mahakama yenye lugha ya watu wote, lakini katika jambo kubwa kuliko yote mlango wake umefungwa. Mmoja ana mlango bila ya lugha, na mwingine ana lugha bila ya mlango.

Hapo ndipo lilipo jibu la pingamizi la pili. Hatari haimo katika Kiswahili. Imo katika jukwaa, katika uteuzi na katika mlango uliofungwa, na hayo yote hufanyika vilevile kwa Kiingereza. Jaji anayejikinga kwa kutoeleweka amejikinga na wananchi, ambao hawakuwa adui zake. Hakujikinga na mwenye dola, ambaye anaelewa Kiingereza vizuri.

Shaaban Robert aliliona jambo hili mapema. Kitabu chake Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, karibu chote ni kesi. Karama ashtakiwa kwa kuanzisha mafundisho ya sheria. Majivuno ndiye mshtaki, na mfalme ndiye mwamuzi. Wasomaji wengi husifu ufasaha wa Karama, nao wastahili. Lakini mambo mawili katika kesi hiyo hayasemwi mara nyingi. Kwanza, shtaka na utetezi vyote vilisemwa kwa lugha moja, mbele ya watu walewale. Uongo wa Majivuno haukuwa na njia ya mkato kufika masikioni. Ulilazimika kungoja ukweli wa Karama na kusimama kando yake. Pili, Karama aliachiliwa kwa kuwa mfalme alikubali kusikiliza. Angekuwa na mfalme mwingine, ufasaha uleule ungemfikisha kwenye mauti. Mwandishi aliipa Kusadikika lugha, lakini hakuipa mahakama iliyo mbali na kiti cha enzi, na yaelekea alikusudia msomaji auone upungufu huo. Na kosa lenyewe aliloshtakiwa Karama halikuwa kuvunja sheria, bali kuifundisha. Wenye faida katika ujinga wa watu hawamwogopi sana mvunja sheria, humwogopa anayeieleza.

Kwa hiyo yanayotakiwa ni mawili, na lisitolewe moja kuwa fidia ya jingine. Yatakiwa uteuzi wa majaji utoke katika mkono wa mtu mmoja, usiwe adhabu Nairobi wala tunu Dodoma, na hapana uchaguzi uwe juu ya mahakama. Aidha yatakiwa hukumu zinazolihusu taifa zitolewe pamoja na sababu zake, siku ileile, kwa Kiswahili kilichoandikwa na majaji wenyewe, chenye uwazi na kisicho na kejeli. Vyuo vina sehemu yao katika hili: wanafunzi wa sheria wafundishwe kuandika Kiswahili, na wanafunzi wa Kiswahili wafundishwe kusoma hukumu. Mnyonge hana haki, husema methali, na wengi huisoma kama sheria ya dunia. Yaweza pia kusomwa kama taarifa ya hali ilivyo mahali ambapo mnyonge hakuelezwa haki yake kwa maneno anayoyajua. Siku akielezwa, atakayemwita jaji mkora atalazimika kwanza kuzijibu sababu za jaji mbele ya watu waliozisikia.